Pedali ya breki inakaa chini baada ya kufunga diski: mwongozo kamili wa kuitafuta kasoro

Hapa gereji, Unga Ltd, kuna maneno nayasikia karibu kila mwezi: "Fundi, breki ipo, ila iko chini." Msemaji mara nyingi ni dereva wa utalii, gari ni Kruza (Toyota Land Cruiser) ya zamani iliyotoka kiwandani na breki za dramu nyuma, na masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki, ameshabadilisha. Wengine wameshabadilisha mbili.

Kwa nini watu wanahamia diski, hilo halihitaji maelezo marefu kwa mtu wa Arusha. Dramu ikishameza tope la Ndutu msimu wa mvua, au vumbi la njia ya kwenda Naabi, shuu, zile pedi za ndani ya dramu, zinalika kama kipande cha sabuni na kila wiki unafungua kusafisha. Diski iko wazi, inajisafisha yenyewe. Basi mtu ananunua seti ya kubadilishia, au anatafuta diski na kalipa (zile zinazobana pedi kwenye diski) za nyuma za Kruza ya mfululizo wa 80, anamchongesha fundi wa lezi braketi ya kushikia kalipa, anafunga. Gari linasimama vizuri tu. Shida ni kwamba mguu unasafiri nusu ya njia kabla breki haijashika, na ukiwa unashuka Seneto kuingia kreta ya Ngorongoro na wageni sita nyuma yako, nusu hiyo ya safari ni ndefu sana.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: masta silinda iwe mtuhumiwa wa mwisho. Pedali ya chini ni milimita zilizopotea mahali fulani, na milimita zinapimika. Mwongozo huu unafuata gari ninaloliona zaidi, HZJ75 yenye injini ya 1HZ, usukani kulia, diski za kiwandani mbele na diski za kubadilishia nyuma. Kama wewe umefunga diski za mbele kwenye Land Rover 109, hatua ni zilezile. Pale zinapotofautiana nitasema.

Hesabu ndogo kabla ya spana

Masta ni bomba la sindano. Ukisukuma pistoni yake, mafuta yanatoka, na mafuta hayo ndiyo yanayosogeza pistoni za kalipa. Chukua masta yenye kipenyo cha inchi 7/8, yaani milimita 22.2: eneo la pistoni yake ni sentimita za mraba 3.88. Pistoni ya kalipa yenye kipenyo cha milimita 45 ina eneo la 15.9. Ni kubwa mara nne na zaidi.

Sasa tuseme diski yako inayumba, na kila gari linapotembea inaisukuma ile pistoni irudi ndani nusu milimita. Kuileta tena mahali pake kunataka mafuta sentimita za ujazo 0.8. Ili masta itoe kiasi hicho, pistoni yake isogee milimita 2. Na kwa kuwa kwenye magari mengi yenye busta, kile kifaa cha vakyumu kinachousaidia mguu, mkono wa pedali una uwiano wa karibu 4 kwa 1, mguu wako utashuka milimita 8. Hapo tunazungumzia nusu milimita, gurudumu moja. Ikiwa ni milimita 1 kwa magurudumu yote mawili ya nyuma, pedali imepoteza milimita 33 kabla pedi haijagusa chochote.

Rudia kusoma aya hiyo kama umeipita haraka. Silinda ndogo za ndani ya dramu zilikuwa na eneo dogo, kwa hiyo ulegevu mdogo wa beringi ulikuwa hauonekani mguuni. Ulegevu uleule, ukishafunga kalipa, unaonekana.

Usikilize mguu

Zima injini. Kanyaga pedali mara nne au tano hadi vakyumu ya busta iishe na pedali iwe nzito. Halafu kanyaga kwa makini.

Ikishuka mbali kisha ikagonga pagumu kama jiwe, na ukipampu mara mbili ikapanda na kubaki ngumu, hapo hakuna upepo, yaani hewa ndani ya mafuta. Kuna nafasi: pedi zimekaa mbali na diski, beringi imelegea, shuu hazijarekebishwa au rodi ya busta ni fupi.

Ikiwa inadunda kama godoro, hata baada ya kupampu, basi ni upepo, au mpira wa breki unaovimba, au braketi inayopinda.

Ikishika vizuri lakini ukiendelea kuikanyaga kwa nguvu ileile inazama polepole hadi sakafuni, mafuta yanapita ndani ya masta au yanavuja nje. Tafuta unyevu kwenye kila nati, kisha fungua masta kwenye busta uangalie mgongo wake. Ukikuta umelowa, raba ya nyuma imekwisha.

Na ikiwa pedali iko juu, ngumu, lakini gari halitaki kusimama, mwongozo huu si wako. Hiyo ni busta au vakyumu. Kwenye 1HZ pampu ya vakyumu iko mgongoni mwa alteneta, anzia hapo.

Jambo moja linalowadanganya wengi: ukiwasha injini huku umekanyaga, pedali inashuka kidogo. Hiyo ni busta inaanza kukusaidia, na ndivyo inavyotakiwa. Usiihesabu kuwa kasoro.

Baada ya hapo chukua rula. Pima kutoka sakafuni hadi uso wa pedali ikiwa imetulia, kisha pima pale inaposhika. Andika namba zote mbili kwa chaki ndani ya mlango. Baada ya kila hatua inayofuata, pima tena na uandike. Fundi asiyepima atakuambia "imepanda kidogo", na hakuna mtu anayejua kidogo ni kiasi gani.

Ziba masta, kisha fungua upande mmoja mmoja

Hii ndiyo hatua inayookoa pesa, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Tengeneza plagi mbili. Chukua vipande vifupi vya paipu ya breki ya zamani pamoja na nati zake (Toyota nyingi zinatumia uzi wa milimita 10 wenye hatua ya milimita 1), kunja mwisho wa kila paipu, uubane kwenye vaisi na uuchomelee kwa gesi hadi uzibe kabisa. Ule mwisho uliotanuliwa ndio utakaokaa ndani ya masta. Bolti ya kawaida haifai, kwa sababu haizibi pale kwenye kiti cha paipu.

Weka kitambaa chini ya masta, maana mafuta ya breki yanabambua rangi. Yakimwagika, osha kwa maji mengi mara moja. Toa paipu zote mbili, funga plagi, kanyaga pedali polepole mara chache ukilegeza plagi moja moja ili upepo ulioingia utoke. Halafu kanyaga kwa nguvu.

Pedali ikisimama juu, ngumu, ikisogea kidogo tu, masta ni nzima. Acha kuinunulia mwenzake. Ikiwa bado inasafiri mbali, kasoro iko hapo hapo mbele ya macho yako: upepo ndani ya masta, masta iliyokufa, au nafasi kati yake na rodi ya busta.

Kisha rudisha paipu ya mbele peke yake, toa upepo, pima. Halafu ziba ya mbele na urudishe ya nyuma. Ndani ya saa moja utakuwa unajua kama milimita zinaliwa na magurudumu ya mbele au ya nyuma. Kwenye magari yaliyobadilishwa nyuma, naona jibu likija nyuma mara nyingi kuliko mbele, ingawa niliwahi kukuta mpira wa mbele wa kiwandani, mzee kuliko kijana wangu wa gereji, ukivimba kama koo la chura.

Skrubu ya upepo inaangalia wapi?

Piga magoti nyuma ya gari uangalie. Skrubu ya kutolea upepo lazima iwe sehemu ya juu kabisa ya kalipa. Kalipa ya kushoto na ya kulia zinafanana kama mapacha. Ukizibadilisha zitaingia, zitafungika, na skrubu zitaangalia chini. Hapo unaweza kumaliza dumu la mafuta na upepo usitoke, kwa sababu umekaa juu ukikucheka.

Nasema hivi kwa uzoefu wa aibu. Kalipa za kwanza nilizofunga mwenyewe zilikuwa kinyume, na nilishinda siku nzima nikitoa upepo na kumlaumu muuza mafuta.

Ujanja zaidi uko kwenye braketi za kuchongesha. Fundi anaweza kuizungusha kalipa juu au chini ya pale kiwanda kilipokusudia, ili isigonge springi. Hapo hata kalipa ya upande sahihi itakuwa na kona iliyo juu kuliko skrubu. Dawa: fungua kalipa bila kutoa mpira wake, ingiza kipande cha mbao chenye unene wa diski katikati ya pedi, ishike juu kwa waya huku skrubu ikiangalia mbinguni, toa upepo, kisha irudishe. Bila ile mbao, pistoni itaruka nje na utakuwa umejiongezea kazi.

Kutoa upepo

Kwa usukani wa kulia, masta ikiwa kulia, anza mbali: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Kama gari lako lina valvu inayopima mzigo, ile yenye mkono unaoshikana na ekseli ya nyuma, tazama kama ina skrubu yake ya upepo. Nyingi zinayo, na wengi hawaioni kwa sababu imefunikwa na tope gumu la miaka kumi.

Tumia mpira unaopitisha mwanga na chupa yenye mafuta kidogo chini, mwisho wa mpira ukiwa umezama. Anayekanyaga akanyage taratibu. Kukanyaga kwa pupa kunavunja upepo kuwa mapovu madogo ambayo yanashikilia ukuta wa paipu. Kama masta ni ya zamani, weka kipande cha mbao chini ya pedali isifike sakafuni: sehemu ya ndani ambayo raba hazijawahi kufika ina kutu, na ukizipitisha huko unazichana. Hivyo ndivyo masta nzima inavyokufa mkononi mwa fundi, halafu tunasema ilikuwa mbovu toka mwanzo.

Angalia pia njia ya paipu mpya. Ikipanda juu ya ekseli na kushuka tena, pale juu ni kiota cha upepo. Jeki nyuma ya gari juu kuliko mbele, weka stendi imara, ndipo utoe. Na usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Mafuta: DOT 3 ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 205, ikishanyonya unyevu inashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Kwa gari linaloshuka kreta, nachagua DOT 4, chupa ambayo haijafunguliwa. Hizi mbili zinachanganyika. DOT 5, ile ya silikoni, haichanganyiki nazo kabisa. Na yale yaliyotoka kwenye chupa ya kutolea upepo hayarudi kwenye tangi, hata yakionekana masafi.

Unataka kujua kama upepo umebaki? Funua kifuniko cha tangi, vaa miwani, mwambie mwenzako apampu mara ishirini, ashikilie, kisha aachie ghafla. Mafuta yakiruka juu kama chemchemi, upepo ulikuwa umebanwa na sasa unarudi. Yakitikisika kidogo tu, umemaliza.

Diski, habu na beringi

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi, na ndipo ilipokuwa kasoro ya Kruza iliyonifanya niandike haya. Dereva aliniletea baada ya kupita gereji mbili. Masta mbili mpya. Pedali ilikuwa inashika milimita 55 tu juu ya sakafu. Alichosema ndicho kilichonipa jibu: "Nikiwa hapa mjini nikipampu mara moja inakaa vizuri. Nikitoka lami pale geti la Lodoare, kila nikikanyaga inaanzia chini upya."

Breki inayoshuka baada ya kutembea, na kupanda ukipampu, haina upepo. Kuna kitu kinasukuma pedi zirudi nyuma gari likitembea. Vitu hivyo ni viwili: beringi iliyolegea, au diski inayoyumba.

Anza na beringi. Gurudumu likiwa juu, shika juu na chini, sukuma na kuvuta. Ukisikia mchezo, fungua habu, ile kitovu inayobeba gurudumu, ubane upya kwa kufuata kitabu cha gari, maana ekseli ya nyuma ya Kruza hii ina beringi mbili za kurekebishwa kwenye kila habu. Beringi ambayo dramu iliivumilia, kalipa haitaivumilia.

Kisha diski. Diski ya nyuma ya mfululizo wa 80 inavaa juu ya habu na kushikiliwa na gurudumu. Kwa hiyo ukitoa tairi, diski iko huru, na ukiipima hivyo unajidanganya. Rudisha nati zote za tairi ukiweka washa chini yake, uzibane sawasawa. Kama una dayo, ile saa ya kupimia, iweke karibu na ukingo wa nje na uzungushe. Kama huna, bana bisibisi kwenye braketi ncha yake ikaribie diski, zungusha, na pima nafasi kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, mahali palipo karibu zaidi na palipo mbali zaidi. Tofauti ndiyo kuyumba kwake. Magari mengi yanataka isizidi milimita 0.1 au 0.15.

Ya yule dereva ilikuwa 0.6 kushoto na 0.5 kulia.

Nilitoa diski nikapitisha kidole juu ya uso wa habu. Kwanza nilisikia rangi: aliyefunga alipenda kazi safi, akapiga rangi ya fedha habu nzima, hadi pale diski inapokalia. Kisha ukucha ukakwama kwenye kitu kama punje ya mchele iliyokauka. Ilikuwa cheche ya welding, imeganda pembeni kabisa mwa bolti ya tairi, tangu siku braketi ilipochomelewa. Kulia ilikuwa rangi tupu, imejikusanya nene upande mmoja. Punje ile ilikuwa haifiki nusu milimita. Lakini iko karibu na katikati, na ukingo wa diski uko mbali zaidi na katikati, kwa hiyo huko nje kuyumba kunaongezeka.

Nikakwangua kwa tupa, nikamaliza kwa msasa hadi chuma kikang'aa, nikafuta kwa kitambaa chenye petroli, nikarudisha. Kushoto 0.08, kulia 0.1. Dakika arobaini za kazi, gharama ni msasa.

Diski ikibaki inayumba juu ya habu safi, igeuze tundu moja na upime tena. Wakati mwingine makosa mawili yanafutana. Ikishindikana, mpelekee mtu wa lezi asawazishe, lakini hakikisha haishuki chini ya unene uliochapwa kwenye diski yenyewe.

Braketi

Mwambie mwenzako akanyage kwa nguvu huku wewe unaangalia kalipa kwa tochi. Kalipa ya kuelea inatakiwa iteleze kwenye pini zake, isipinde. Ukiiona inajikunja kama mtu anayegeuza shingo, braketi ni nyembamba au haijakaa sambamba na diski, na mguu utahisi sponji ambayo hakuna kutoa upepo kutakakoiondoa. Niliwahi kuona bati la milimita 6 likipinda hivyo mchana kweupe. Toa pedi uangalie pia: zikilika upande mmoja kama kabari, kalipa imekaa mshazari. Pini za kuteleza zipakwe grisi ya breki inayostahimili joto, si grisi ya beringi.

Hendibreki na shuu

Kwenye diski za mfululizo wa 80, hendibreki ni shuu ndogo ndani ya diski, na haina uhusiano na pedali. Irekebishe, lakini usiitarajie ipandishe mguu.

Ni tofauti ikiwa umetumia kalipa zenye hendibreki ndani ya pistoni, kama za baadhi ya magari madogo. Hizo zina skrubu ndani inayojirekebisha kwa mkono wa hendibreki. Kama kebo haijaunganishwa, au haivutwi, pistoni inabaki mbali na pedali inabaki chini hata ungetoa upepo mwaka mzima. Unganisha, vuta na kuachia mara nyingi, pima.

Na wewe wa Land Rover uliyebadilisha mbele tu: kabla ya yote rekebisha shuu za nyuma. Kaza hadi gurudumu lishike, legeza hadi lizunguke huru. Mbele kuna diski zinazong'aa, kwa hiyo macho yote yako mbele, kumbe pedali inaliwa na dramu za nyuma ambazo hakuna aliyezigusa.

Rodi ya busta na unga wa chapati

Hatua hii inakuhusu ikiwa masta au busta imebadilishwa. Kati ya rodi ya busta na pistoni ya masta inatakiwa nafasi ndogo, takriban nusu milimita hadi moja. Ikiwa milimita 3, zidisha kwa 4: milimita 12 za pedali zimekwenda bure.

Kuipima, omba jikoni kijidonge cha unga wa chapati uliokandwa, kifunge kwa kipande chembamba cha nailoni, kiweke kwenye shimo la pistoni nyuma ya masta. Rudisha masta, bana nati zote mbili, usikanyage pedali, fungua tena. Pima unene wa unga pale uliposagwa zaidi. Huo ndio ukubwa wa nafasi. Rekebisha kwa nati ya rodi yenyewe.

Usiizidishe. Rodi ikiwa ndefu hata kidogo, pistoni hairudi mwisho, kile kitundu kidogo cha kurudishia mafuta kwenye tangi kinabaki kimezibwa, na breki zikipata moto zinajibana zenyewe. Gari litaanza kuwa zito Makuyuni na kunuka kabla hujamaliza kupanda mlima wa Mto wa Mbu.

Valvu

Masta iliyotengenezwa kwa dramu inaweza kuwa na valvu ndogo mdomoni inayobakiza shinikizo la karibu psi 10, ili raba za silinda za dramu zisinyonye upepo. Ukiiacha kwenye njia ya diski, pedi zinaburuza na kupata moto. Itoe upande huo. Kinyume chake, ukiwa bado na dramu nyuma na ukafunga masta isiyo nayo, pedali inaweza kushuka kila baada ya kuachia. Na kama masta iko chini ya sakafu, chini kuliko kalipa, kwa kawaida inawekwa valvu ya psi 2 upande wa diski, mafuta yasirudi kwenye tangi kwa uzito wake.

Mipira ya breki

Mtu akanyage, wewe shika mpira kwa kiganja. Ukihisi unavimba, badilisha yote, si mmoja. Ipangwe pia kwa ekseli inavyoshuka: jeki gari kwa chesisi hadi magurudumu yaning'inie, uone kama mpira unavutika.

Sasa masta

Ukifika hapa na pedali bado iko chini, huku ikiwa ngumu na haina upepo, ndipo tuzungumze kipenyo. Kutoka inchi 7/8 kwenda inchi 1, eneo linapanda kutoka 3.88 hadi 5.07. Sehemu ya safari inayotumika kusukuma mafuta inapungua karibu robo. Lakini mguu utadaiwa nguvu karibu theluthi moja zaidi kwa breki ileile, na hapa kwetu, Arusha ikiwa mita 1,400 na ukingo wa kreta zaidi ya 2,200, hewa ni nyepesi na busta inasaidia kidogo kuliko kule pwani. Dereva mwepesi atalalamika. Chagua ukijua hilo, na hakikisha urefu wa rodi unapimwa upya.

Barabarani

Jaribu kwanza uani, halafu barabara tambarare isiyo na watu, kilomita 20 kwa saa. Kisha laza pedi: simamisha polepole kutoka 50 hadi 10, mara kumi, ukiacha nusu dakika katikati zipoe, bila kushikilia pedali gari likiwa limesimama. Gusa kila habu kwa tahadhari. Moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake, kuna kinachoburuza. Mteremko uje mwisho, bila abiria. Baada ya kilomita 500 rudi gereji, bana bolti zote za braketi, pima pedali, linganisha na chaki ya mlangoni.

Ile Kruza iliondoka pedali ikishika juu zaidi ya zile milimita 55 za mwanzo, na masta yake ileile. Masta mbili zilizotolewa dereva aliniachia. Moja niliifungua, nikaiosha, nikatia raba mpya, na sasa iko kwenye pikapu ya jirani yangu. Ya pili bado iko juu ya rafu, inangoja.